Profesa wa Wapagazi

Aayo, mama yangu,

Niko Rhotia, jikoni kwako, na nina hasira. Wa kumfokea simwoni, ndiyo maana nakuandikia wewe, japo umelala hapo nyuma ya nyumba mwaka wa pili sasa.

Unakumbuka uliponiuliza hasa nafundisha nini huko chuoni? Ulikuwa unachagua maharage. Nikaanza na maneno yangu makubwa, ukanikatiza: "We Yosefa, sema kama mtu!" Basi nikasema ndani ya mwili kuna wapagazi wadogo wasioonekana, wanaitwa tRNA, kila mmoja amebeba kipande cha kujengea protini. Na kila mpagazi ana msimamizi wake, kimeng'enya, anayemtwika mzigo unaomhusu, asije akabeba wa mwenzake. Ukasema kazi nzuri.

Jumapili ukawatangazia wenzako nje ya kanisa kwamba mwanao ni profesa wa wapagazi. Ee Mungu wangu! Sijamaliza chai, uani kumejaa vijana na mabuti yao, wanataka niwaunganishe na kampuni za watalii, mmoja anaapa ameshabeba mizigo mpaka kileleni. Nawe wala hukuwasahihisha. Uliwapa uji, ukawaambia nafasi zimejaa, kisha ukacheka mpaka ukakaa chini.

Tangu hapo, nikikupigia kulalamika kwamba umeme umekatika na sampuli zangu zimeharibika, ulikuwa ukiuliza kwanza, "Wapagazi hawajambo?" Najibu wanakusalimu. Jamani, nimeyakosa hayo.

Sasa sikia. Natalia, binti wa mdogo wangu Bura, yule aliyepewa jina lako, alianza kujikwaa. Tukalaumu viatu. Baadaye vidole vikalegea, kalamu ikawa inamponyoka. Bura kahangaika naye hospitali mpaka damu ikapelekwa nje kupimwa, na majibu tumeyapata juzi. Mama, ni msimamizi. Kimeng'enya chake kimoja kina kasoro ya kuzaliwa: kikimshika mpagazi kinamng'ang'ania, hakimwachii aende na mzigo wake. Mishipa ya fahamu ya miguu na mikono ndiyo inayoumia.

Na ni kimeng'enya hichohicho nilichokichunguza tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nakijua kila kona. Dawa sina, na hakuna aliye nayo.

Asubuhi nilimwambia Bura hivyo, tukiwa zizini. Akasema taratibu, "Dada, si ndiyo kazi yako?" Ameenda shambani hata chai hakunywa. Inaniuma, Aayo, inaniuma sana. Nimepigiwa makofi kwenye kumbi za watu, nimeitwa profesa mpaka nikazoea, na swali la mdogo wangu limenishinda.

Mchana Natalia akaja kuniegemea hapa mezani.

"Shangazi, baba anasema wapagazi wangu wamegoma."

"Hawajagoma, mama. Wanataka kwenda, ila kuna mmoja kawashika."

Akafikiri. Kisha akainama, akaisemesha miguu yake kwa upole, kama anavyosema na ndama: "Waachie, bwana. Waachie waende."

Nikatoka nje, asinione.

Jumatatu narudi maabara. Kuanzia wapi, sijui. Lala salama, Aayo, na leo usiniulize kama wapagazi hawajambo.

Mwanao,
profesa wao