Muziro wa Pomboo

Ngenge, Muleba

Dada Rehema mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye migomba iliyolowa mvua.

Jana shangazi yake Projestus, mchumba wangu, aliniuliza muziro wetu, yaani kiumbe ambacho ukoo hauli. Wenye muziro mmoja ni ndugu, hivyo hawaoani. Nilijibu kwamba kwetu Pangani hatuli pomboo.

"Samaki gani huyo?"

"Si samaki, shangazi. Ana mapafu, huibuka kuvuta hewa."

Projestus aliinamisha kichwa. Muziro wao ni kamongo, samaki wa ziwani ambaye naye huibuka kuvuta hewa.

"Basi umetuletea dada yako," shangazi akamwambia.

Katika yote niliyosomea chuo kikuu, nilikumbuka jambo moja tu. "Pomboo hunyonyesha."

"Na kamongo?"

"Hutaga mayai."

Alifikiri. "Basi hamkunyonya ziwa moja. Karibu nyumbani." Akanimwagia kiganjani punje za kahawa za kutafuna, anazopewa mgeni hapa.

Sina hakika kama hoja hiyo ingepita mbele ya walimu wangu, hapa imepita. Mwambie Mama, kwa upole, kwamba posa inakuja. Nawapenda nyote.

Mdogo wako,
Neema