Kifo cha Bi Kishindo

Chumba cha ghorofani,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama juu ya kiti ukibadilisha balbu, maana nakujua. Goti linaendeleaje? Usingizi unapata? Na moyo, ambao ndio hasa ninaouulizia, unakwendaje tangu daktari akubadilishie dawa? Nijibu kwa urefu. Ukiniandikia "sijambo" peke yake nitajua kuna kitu unanificha.

Huku sisi ni wazima. Baba anakohoa kidogo na hataki kukubali kwamba anakohoa. Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu, na simu ikilia nashtuka kabla sijajua nani anapiga.

Kazini bado nasahihisha makosa kwenye kalenda na vipeperushi vya maduka. Juzi niliiachia kalenda ipite ikiwa na Jumatano mbili katika wiki moja. Msimamizi aliniita akaniuliza kama nyumbani kuna tatizo, nikasema hakuna. Nadhani hakuniamini, lakini hakunisema.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka malengo niliyokusomea mwanzoni mwa mwaka, ukacheka kwamba nimeyapanga kama mtu anayegombea ubunge? Nilisema nitaandika ukurasa mmoja kila asubuhi kabla ya kazi, nitaimaliza hadithi ya Bi Kishindo mpaka toleo la mwisho, na jina langu litakaa juu ya jalada, si kule nyuma kwa herufi za sisimizi. Nimejitahidi, Shangazi. Mhariri amekubali hata hilo la jina. Zimebaki kurasa nne tu, na hizo ndizo zinazoninyima raha.

Bi Kishindo ni wewe, hilo halina siri. Wewe ndiye uliyenitia ugonjwa huu wa mashujaa wenye majoho na barakoa, uliponiletea vitabu vya katuni kutoka duka la magazeti makuukuu, vingi vikiwa vimechanika kurasa za mwisho, tukawa tunabishana viishe vipi. Mashujaa wale waliruka juu ya majengo, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na shangazi ambaye akisema "simama" upande huu wa barabara, watu wasiomjua wanasimama upande wa pili. Basi nikamtunga mama wa makamo mwenye goti bovu, na akisema "simama", kila kitu kinatii: gari lililokatika breki, moto, hata risasi. Mchoraji wangu, yule tunayemwita Wino kwa sababu hana shati lisilo na doa, nilimpa picha yako. Amekuchora vizuri mno, mpaka zile nyusi unazozipandisha kabla ya kumsema mtu.

Shida ni kwamba Mhariri anataka Bi Kishindo afe. Anasema shujaa asiyepoteza kitu anachosha, na msomaji atafunga kitabu macho makavu. Kinachoniudhi ni kwamba hajakosea. Mimi mwenyewe ndiye niliyeandika, tangu toleo la pili, kwamba kila "simama" inampunguzia pumzi.

Ukurasa wa mwisho niliupanga kabla hujatuambia habari ya upasuaji wa moyo. Wakati huo ilikuwa hadithi tu. Wino akauchora kwa penseli, akauleta hapa nikiwa kazini, na Baba, aliyekuja kunitengenezea bomba, ndiye aliyempokea. Fikiria alichokiona: dada yake, sura ileile, amelala amefumba macho na watu wamemzunguka. Niliporudi nilikuta ameigeuza karatasi na kuweka sahani juu yake, naye amekaa anaitazama sahani. Hakunigombeza. Aliomba chai, nikampa, akaiacha ikapoa.

Tangu siku hiyo sijaandika. Nikikaa mezani naandika "Bi Kishindo anafumba macho", nafuta. Naandika tena, nafuta. Najua karatasi haiui mtu. Najiambia hivyo nikipiga mswaki na ninaamini kabisa, mpaka nishike kalamu. Na kurasa zinatakiwa Ijumaa, kwani baada ya hapo mitambo inapewa kazi nyingine na nafasi yetu inakwenda kwa mwingine. Wewe unaingia chumba cha upasuaji Alhamisi. Umeona nilivyobanwa.

Ndiyo sababu ya ile simu ya juzi. Nilikueleza huku najiumauma, nikitarajia utaniwakia. Ukacheka ukasema, "Muue tu, mwanangu. Mimi nitakuwa nimelala kwa sindano, hata sitajua." Halafu ukaendelea, kwa sauti ileile, kunielekeza funguo za kabati ziko kwa nani na cherehani ungependa ichukuliwe na nani. Nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, kama zuzu. Nilielewa kilichoniuma baada ya kukata simu.

Ulikubali upesi mno. Wewe hukubali bei ya kwanza ya vitunguu. Wewe ulibishana na daktari wa meno huku mdomo umeachama. Leo unaambiwa utakufa mbele ya wasomaji wote, na huulizi hata kwa nini? Naogopa, Shangazi. Daktari alituambia upasuaji wenyewe unafanyika mara kwa mara na watu wanarudi majumbani kwao, na nimeamua kumwamini. Ninachoogopa ni kwamba wewe umeshatuaga, na kwa adabu tu unasubiri tugundue.

Kwa hiyo ruhusa yako nakurudishia, siitaki. Jana nilimwambia Mhariri kurasa hazitafika Ijumaa. Amesema basi nafasi inakwenda, na jalada pia. Nililia kidogo, sikufichi, maana jina lile nilishaliona pale juu. Kisha nikanawa uso. Huenda Bi Kishindo atakufa kweli, kwa kuwa hadithi inataka hivyo, lakini nitaliandika hilo wewe ukiwa umekaa mbele yangu unanipinga neno kwa neno.

Barua hii nampa Kaka dereva, anayesafiri kesho kuja huko. Sikutaka kuyasema kwa simu, ungenikatiza kwa kucheka. Nisalimie jirani yako muuguzi, na umwambie nimefurahi kwamba ndiye atakayekusindikiza. Baba anakusalimu katikati ya kikohozi. Wino naye anakusalimu na anaomba radhi kwa ile picha.

Nakuomba kitu kimoja tu. Alhamisi, kabla hawajakuingiza, nipigie simu unigombeze. Uniulize nimepata wapi ujasiri wa kukuua. Upandishe sauti mpaka wauguzi wageuke. Sitajitetea.

Mungu akutangulie unapoingia, na akushike mkono unapotoka.

Ni mimi nikupendaye, na nisiyekupa ruhusa ya kwenda,

Chiriku wako