Maharagwe Yaliyoombewa

Mjukuu wangu Mukami,

Huku Runyenjes tuko salama. Mbuzi amezaa mapacha, na babu yako bado anagombana na redio.

Umeniuliza kama imani ina tofauti yoyote na ujinga. Nilikasirika hadi chai ikapoa. Kisha nikakumbuka jambo.

Nilikuwa msichana wa umri wako. Kabla ya kupanda, tulikuwa tukipeleka mbegu kanisani ziombewe. Mwaka huo mama aliniachia shamba la chini nilipande mwenyewe. Akaniambia, "Chambua maharagwe kwanza."

Nikamjibu, "Mama, si yameshaombewa? Kuyachambua ni kumshuku Mungu."

Akaenda zake kuchambua mbegu za shamba lake. Nikapanda yote, hata yaliyotobolewa na wadudu. Mvua ikanyesha vizuri. Shamba la mama likawa kijani, langu likaota magugu.

Nikamwuliza kwa machozi kwa nini Mungu hakusikia. Akasema, "Mungu aliyaona yale matundu. Ni wewe hukutaka kuyaona."

Nilidhani hatapeleka mbegu kanisani tena. Wapi! Msimu uliofuata tulikaa chini tukachambua moja moja, kisha tukazibeba kanisani vilevile.

Sijui kukujibu kwa maneno ya chuo kikuu. Ila leo nimechambua debe zima la maharagwe kwa macho yangu haya mabovu. Ardhi ni kavu, na juu hakuna hata wingu moja.

Kesho tunapanda.

Nyanya yako,
Wanjira