Damu ya Mariamu na Fomu ya Jumamosi

Jumatano. Mvua inanyesha mtaani kwetu Bwiza tangu alfajiri, na leo sina subira na mtu yeyote.

Mke wangu Mariamu yuko hospitalini, amewekewa oksijeni. Ni virusi vile vile vya mapafu vilivyowapitia majirani zetu kwa kikohozi cha wiki moja. Yeye vimemwangusha.

Tulionywa. Ninaliandika neno hilo ili nisije nikajidanganya.

Jumamosi, Mariamu akiwa bado amelazwa mara ya kwanza, daktari alileta majibu ya damu yake. Chembe nyeupe za kupambana na virusi zilikuwa zimepungua, na ile protini inayoongezeka mwili unapowaka kwa uvimbe ilikuwa imepanda mno. Alisema mgonjwa mwenye damu ya namna hiyo huweza kuzidiwa ghafla, hata kama leo anapumua vizuri. Alitaka abaki wodini.

Aliyasema yote hayo bila kunisalimu. Alisimama mlangoni, macho kwenye karatasi, akaanza na tarakimu. Miaka thelathini na minne nimefundisha darasani kwamba salamu hutangulia neno. Tangu hapo sikumsikiliza tena, nilikuwa namhukumu.

Shemeji yangu Hamisi, fundi wa magari wa mtaa wa Jabe, mwenye sauti ya kushindana na injini, akapata nafasi yake.

"Muzee, angalia dada yangu! Amemaliza sahani ya ndizi na maharage, anaomba ingine. Mutu wa kufa anakulaka hivi? Ile damu iko na mudomo ya kusema?"

Wodi nzima ikacheka. Mariamu naye akacheka. "Muzee, wacha hiyo karatasi. Unatafuta makosa?"

Kwetu mgonjwa hupimwa kwa sahani. Akila, amepona. Upuuzi huo nimeusikia tangu utotoni, na siku ile niliupokea kwa sababu ulimwaibisha daktari.

Palikuwa na fomu ya kumtoa mgonjwa kinyume cha ushauri. Ikatiwa sahihi, tukaenda nyumbani.

Jumatatu asubuhi Mariamu hakuweza kumaliza sentensi. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Tulimrudisha kwa teksi, Hamisi akilia kwenye kiti cha mbele. Nilimwambia anyamaze, machozi yake si dawa.

Leo wamempima damu tena. Ile protini haijashuka. Daktari ni yule yule, na anasema tungoje vipimo vya kesho. Sikumpenda Jumamosi, simpendi leo, na alichosema kilikuwa kweli.

Binti yetu Zubeda hasemi na mjomba wake. Jana alimkabili mbele ya wauguzi: "Mjomba, we ndiye ulimutoa mama hapa. Akikufa, usikanyage kwetu."

Hamisi aliinama. Aliniangalia mara moja tu, kisha akatoka nje. Hakunitaja.

Fomu niliitia sahihi mimi.

Kesho Zubeda atakuja na uji wa mama yake. Je, nitamwambia kabla majibu ya damu hayajatoka, au nitangoja kwanza nione kama Mariamu anapona?