Vikopo vya Karatasi

Mazimbu, Morogoro

Kaka Kasiani,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Goti lake limetulia, ila joto la huku chini bado analilalamikia kila siku.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema nimewatia aibu, mke wa mwalimu kuinama kwenye majalala ya chuo nikiokota madesa, yale makaratasi ya kusomea ambayo wanafunzi huyatupa mitihani ikiisha. Kweli nayaokota, kaka, na Jumatatu nitayaokota tena. Nayaloweka, mama mwenyewe anayatwanga kwenye kinu, kisha nafinyanga vikopo vya kuoteshea miche. Havitabaki shambani kama ile mifuko ya nailoni unayoichimbua kila unapolima.

Shemeji yako Victor alinitaka nichague, yeye au makaratasi. Sasa vikopo vinakauka hadi juu ya kabati lake. Tafadhali usije kutusuluhisha.

Dereva wa fuso atakushushia kreti la miche ya kabichi hapo Mgeta. Usiitoe kwenye vikopo, ipande hivyo hivyo asubuhi. Karatasi itaozea udongoni, mizizi itapita yenyewe.

Vikopo viwili vya mwisho, karatasi yake sikuiponda. Nimevikunja tu, nikavibana kwa uji wa muhogo, ili usome vizuri mwandiko wako: zile kurasa nne ulizoniandikia zimetosha kabisa. Anza kupanda hivyo viwili.

Mdogo wako, mwenye rojo hadi viwikoni,
Modesta