Boma Alilojenga Abner

Kebirigo, Nyamira
15 Juni 2025

Mwanangu Mose,

Salamu nyingi, na ni matumaini yangu kwamba u mzima wa afya. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua tangu mvua ianze. Nacheka nikiandika haya. Nani aliwahi kumwandikia barua mtu anayeishi ndani ya boma lake mwenyewe? Lakini tangu tumzike ndugu yako Abner mwezi wa tatu hunisemeshi, na nikikuita mlangoni umeziba masikio kwa vile vidude vyako. Mama yako atakuletea hii pamoja na uji.

Mkeo Purity amechukua mtoto amerudi kwao. Chai yako haijachumwa, majani yamekomaa yakawa magumu kama ngozi. Na wewe, mwanamume mwenye ndevu, umejifungia unacheza gemu! Mtoto akililia wembe mpe, lakini huu wembe naona umeshakukata. Toka nje.

Baba yako,
Obwocha


17 Juni

Tata mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mwili ni mzima. Mpe mama pole ya goti.

Sikusemeshi kwa sababu ya yale uliyosema kaburini mbele ya watu, kwamba gemu ndiyo iliyomuua Abner. Abner aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, akitoka soko la Daraja Mbili kununua viatu. Gemu haina magurudumu, Tata.

Mchezo huu tuliuanza mimi na yeye tukiwa sekondari. Haya magemu mapya yanayotoka siku hizi, vijana wa Nyakoe wanayasifu sana, eti picha zinang'aa mpaka unaona jasho la mtu. Mimi siyapendi. Ni kukimbia na kupiga risasi, na ukitaka hata kofia unaambiwa ulipe. Wetu ulikuwa wa kujenga na kukaa. Watu wakauhama, na sasa wenyewe wataufunga tarehe 30 mwezi huu, saa tisa alasiri. Siwezi kuuhifadhi popote, uko kwenye mashine zao huko ng'ambo. Ukizimwa umezimwa.

Abner alijenga boma letu lote humo: migomba, chai, zizi, hata nyumba yako. Mtu wake wa kwenye gemu, yule aliyekuwa akimwongoza, bado amesimama pale alipomwacha asubuhi ile. Njoo umwone kabla hajafutwa. Nakuomba.

Mwanao,
Mose


20 Juni

Mose mwanangu,

Hujambo? Sisi tunaendelea kwa neema ya Mungu.

Barua yako imenikosesha usingizi. Unaniomba jambo ambalo hata mlevi haombi. Tangu lini baba akavuka kizingiti cha mwanawe aliyeoa? Hiyo ndiyo chinsoni, heshima iliyowekwa kati ya baba na nyumba ya mwanawe. Babu yako hakuingia kwangu hata siku jiko liliposhika moto. Alimwaga maji akiwa dirishani, akirusha ndoo kwa ndoo, na nyumba ikapona. Mimi ni nani nivunje?

Na Abner nilimzika mwenyewe pale nyuma ya migomba. Hayumo ndani ya televisheni. Kama ni lazima, itoe nje niione kama watu wengine.

Baba yako


23 Juni

Tata,

Natumaini mmeamka salama.

Nilifanya ulivyotaka. Jana nilivuta waya wa stima nikaiweka televisheni kwenye veranda. Watoto wakajaa, kisha watu wazima, kisha Ogari mzee wa kanisa akasimama akitikisa kichwa. Nikakuona umefika kwenye mparachichi. Ulipomwona Ogari ukageuza njia ukaenda kwenye chai, kana kwamba hukuwa ukija kwangu. Watu wakacheka. Mvua ikanyesha, nikairudisha ndani, na sitaitoa tena.

Maji yamenifika shingoni. Nilimzika ndugu yangu mara moja pamoja nanyi, na sasa namzika mara ya pili peke yangu. Najaribu kuifikiria Julai, siioni. Mama aliingia akaona. Muulize.

Mwanao


26 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mama yako haniambii alichokiona. Anasema nina miguu, niende nikaone mwenyewe. Nimeiondoa dawa ya kupulizia wadudu pale ghalani, na sitaki kuandika kwa nini. Nimekwenda kwa wazee kuuliza kama kuna njia ya baba kuingia kwa mwanawe. Wamesema hakuna, wakacheka, wakaniuliza kama nami nimeanza kucheza. Naogopa, Mose. Nipe muda niombe Sabato hii.

Baba yako anayekupenda


30 Juni, asubuhi

Tata,

Muda ndio sina. Siwezi kuwemo humu ikizimwa. Nimeiacha televisheni inawaka na mlango uko wazi. Msinitafute.

Mwanao


30 Juni, jioni

Mose mwanangu,

Leo siulizi hali kwa desturi. Nauliza kweli: u mzima? Simu yako inaita tu, kwa hiyo natuma haya kwa simu ya mama yako. Vijana wanakutafuta mpaka mtoni.

Mama yako aliponionyesha karatasi yako nilikimbia, na kizingiti sikukikumbuka. Hukuwemo. Lakini Abner alikuwemo, na ile fulana yake nyekundu, amesimama mlangoni pa nyumba aliyojijengea, nyumba kubwa ya mtu mwenye mke. Na ndani ya nyumba hiyo ameniweka mimi. Ni mimi, na buti zangu na koti la mvua, nimeketi kwenye kiti, kikombe kiko mezani. Mtoto wangu alitaka niingie kwake, Mose, na nilikuwa sijui. Kaburini nilipiga domo tu. Leo ndipo nimelia.

Saa tisa ilipofika picha ikaganda, ikawa nyeusi, yakaja maneno ya Kiingereza ya kuaga. Nilimwita jina lake kwa sauti. Ndipo nikaelewa ulichokuwa unakikimbia.

Ogari alipita akaniona humu ndani mwako, akawaita wazee. Sasa wamejaa uani wanapiga kelele nitoke, kwa maana wao nao ni baba zako, hawathubutu kuingia. Nimewaambia sitoki mpaka mwenye nyumba aje anitoe.

Njoo unitoe.

Baba yako