Mafuta ya Nazi na Jina la Mwanao

Laheriasarai,
Darbhanga, Bihar.
18 Februari, 1996.

Mpendwa mdogo wangu Mukund,

Hujambo? Mgongo umepona, na joto la Maskati unalionaje? Huku ukungu umetukalia, ila tu wazima. Mama kikohozi kimemwacha. Ulimi ndio haujapoa.

Najua umeninunia. Barua mbili umeuliza nimempa mwanao jina gani, nami kimya. Ndiyo, jina ni haki yangu mimi shangazi yake. Lakini Mukund, amezaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata leso ya mfukoni ingemtosha shuka. Niliogopa kumpa jina halafu tubaki kulililia.

Mama naye, kama unavyomjua, akaingia wodini na kichupa cha mafuta ya haradali, kayachemsha na vitunguu saumu kama alivyotukanda sisi. Nesi mmoja, Filomina, wa kutoka kusini kwenye minazi, akanusa.

"Bibi wee, unakanda mjukuu au unakaanga samaki? Ngozi hii changa itababuka!" Akatoa mafuta ya nazi.

"Ya nazi ni ya nywele!" mama akamaka. "Na mtoto mwenyewe hata nywele hana!"

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa wifi Sunaina.

Maskini mkeo! Alikuwa akimgusa mtoto kwa ncha za vidole tu, kwa woga. Mtoto anajikunyata, yeye anatoa mkono analia, "Hanitaki." Roho iliniuma. Nesi akamshika viganja.

"Hivyo unamtekenya, mama. Mkandamize kidogo, ajue upo."

Wakamkanda pamoja, mabega, mgongo, miguu, taratibu. Mtoto akatulia, akanyoosha mguu!

Tangu hapo wifi humkanda kila siku. Mwanzoni uzito uligoma kupanda, tukakaribia kukata tamaa. Kisha ukaanza kupanda kidogo kidogo, na sasa ananyonya mwenyewe. Jana tumerudi naye nyumbani. Leo nimemfumania mama jikoni anapasha moto mafuta ya nazi, eti anajipaka kichwani. Mama huyu!

Basi leo asubuhi nimemnong'oneza mwanao jina lake sikioni, mbele ya wote. Maana yake ni mzima, asiye na ufa. Utalikuta mwisho wa barua. Lisome kwa sauti, naye aitwe na baba yake. Zawadi yangu kwa kumpa jina ni sari nyekundu, uilete mwenyewe.

Msalimie binamu Dinanath. Sunaina na mama wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akurudishe salama.

Dada yako akupendaye,
Kalavati,
shangazi wa Akshata.